Chungu si Pambo

Kama uko sebuleni, sawa. Kama uko jikoni, ni vizuri zaidi, maana mazungumzo yetu ya leo ni ya huko huko.

Nina ugomvi na baadhi ya hoteli zetu za mwambao. Si zote, na sitaitaja hata moja. Unakaa mezani, unaagiza mbaazi za nazi, unaletewa kichungu cheusi juu ya kibao, kimefunikwa. Unafunua, mvuke unakupiga usoni, harufu ya nazi inakupanda puani, unajisemea hapa nimefika. Kisha kwa udadisi wako unaomba kuchungulia jikoni. Unakuta mbaazi zinatokota kwenye sufuria ya alumini ambayo mtoto angeweza kuogea, na vichungu vimepangwa rafuni, vikavu, vinangoja kuchotewa. Mbaazi hizo hazikupikwa kwa chungu, zimevishwa chungu. Na bili ikija, chungu kimo ndani ya bei.

Hilo lisingenikera kama chungu kingekuwa pambo tu. Lakini chungu ni chombo cha kazi, na kazi yake inatokana na udongo wenyewe, si na kumbukumbu za bibi wala mapenzi ya mambo ya kale. Kuna vyakula ambavyo vikipikwa kwenye chungu hutoka vingine kabisa. Kuna vingine ambavyo chungu hakiviwezi. Anayekuambia kila chakula ni kitamu zaidi kikipikwa kwa chungu, muulize mara ya mwisho alisonga lini ugali humo.

Nianze na moto. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko udongo uliochomwa. Na moto wa mkaa, wewe unaujua, hautulii: ukiupepea unapanda, ukienda mlangoni kusalimiana na jirani unafifia. Sufuria nyepesi hufuata kila mhemko wa moto huo. Moto ukipanda, mchuzi unafoka. Ukishuka, mchuzi unalala. Chungu hakina haraka ya namna hiyo. Kinachelewa kupata moto, ndiyo, na mtu mwenye njaa atakitukana. Lakini kikishapata, kinaushika. Unakiepua na kukiweka chini, mchuzi bado unachemka kwa dakika kadhaa kana kwamba haujaambiwa kuwa umeshaepuliwa. Ndiyo maana mpishi mzoefu wa chungu huepua mapema kidogo, akakiachia chungu kimalizie.

Tabia hiyo ndiyo rafiki wa tui. Sote tumeona tui zito likikatika: umelimimina, ukageuka kutafuta chumvi, moto ukapanda, mafuta yakaelea juu na chini yakabaki maji yenye chengachenga. Mchuzi wa namna hiyo unalika, lakini mwenye mji anajua kilichotokea. Tui zito linataka moto mdogo usiobadilikabadilika, na mkono wa kukoroga upande mmoja polepole. Kwenye chungu moto huo mdogo huupata bila kuhangaika, kwa sababu ukuta wa udongo unasimama kati ya makaa na mchuzi na kuzuia vishindo vyote.

Jambo la pili ni ukali. Sisi watu wa pwani tunapenda vya kuchachuka: ukwaju, ndimu, embe bichi, nyanya. Alumini na vitu vikali havipatani. Mchuzi wa ukwaju uliolala ndani ya sufuria hupata ladha ya chuma chuma, na sufuria yenyewe hung'aa pale mchuzi ulipofika, ishara kwamba kuna kitu kimehama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye chakula. Udongo uliochomwa vizuri hauna ugomvi na ukwaju. Samaki wa ukwaju akilala kwenye chungu usiku mmoja, kesho yake ni mtamu kuliko jana.

Na hapo niongeze neno la afya, maana linawahusu wengi. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa na Jeffrey Weidenhamer, mwanakemia wa Marekani, walitoa matokeo ya kupima vyombo vya kupikia vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walivichemshia maji yenye asidi hafifu, mfano wa mchuzi wenye nyanya au ndimu, kisha wakapima kilichotoka. Karibu theluthi ya vyombo vilitoa risasi ya kutosha kuhatarisha afya ya mlaji. Risasi hiyo haitokani na alumini safi. Inatokana na vyuma chakavu vinavyoyeyushwa pamoja, vipuri vya injini na takataka nyingine, kisha vikafuliwa kuwa sufuria. Sikwambii utupe sufuria zako leo. Nakwambia ule mchuzi wa ukwaju usiulaze humo.

Chungu nacho kina hadhari yake, nisije nikaonekana mpiga debe. Vyungu vyetu vya asili havipakwi rangi ya kioo. Vile vinavyong'aa vimesuguliwa kwa kijiwe laini kabla ya kuchomwa. Kuna nchi, Mexico ni mfano unaojulikana sana, ambako vyombo vya udongo vilipakwa kwa karne nyingi rangi ya kung'aa yenye risasi ndani yake, na risasi hiyo ikaingia kwenye chakula. Kwa hiyo chungu kinachometameta kama kigae cha bafuni, hujui kimetoka wapi, usikipikie. Na kile kilichopakwa rangi ya mafuta, chekundu na maua ya manjano, kile ni cha maua ya barazani. Kiache barazani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nakipenda hasa, na ambacho hizi oveni za umeme zimetusahaulisha. Watu husema Mswahili hakuwa na oveni. Alikuwa nayo, ila haikuwa sanduku. Ilikuwa ni kupalia makaa.

Chukua wali wa nazi. Tui limechemka, mchele umemiminwa, chumvi imekolea. Maji yakikaribia kukauka, unapunguza makaa chini ya chungu, unafunika, kisha unayachukua makaa yale uliyoyatoa na kuyapanga juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu, chakula katikati. Mvuke hauna pa kukimbilia, na kwa sababu juu nako kuna joto, haugeuki kuwa matone ya kurudi kuulowesha wali. Punje zinakauka moja moja, kila moja imebeba nazi yake. Chini kunajifanya ukoko, rangi ya asali, ambao watoto wataugombania na watu wazima watasingizia kwamba wanawagawia watoto. Kwenye sufuria nyembamba ukoko huungua kabla wali haujaiva vizuri. Kwenye chungu vyote viwili hufika pamoja.

Mkate wa kumimina nao ni mtoto wa moto huo. Mchele umelowekwa, umesagwa kwa tui, umetiwa sukari, hamira na iliki, umeachwa ukaumuka. Unaumimina kwenye chombo kilichokwisha kupata moto, unafunika, unapalia. Ukikosea kipimo cha makaa ya juu, unapata mkate mweupe usoni kama mgonjwa. Ukizidisha, mweusi. Hakuna kitufe cha nyuzi 180. Kuna kiganja kinachosogezwa karibu na mfuniko, na pua. Wapishi wa zamani wanasema harufu ya iliki ikitoka hadi uani, mkate umeiva, na kwa kweli kanuni hiyo si mbaya.

Halafu kuna mofa, tanuri la udongo lenye umbo la mtungi. Moto unawashwa ndani mpaka ukuta unapata joto la kutosha, kisha vinyunya vya unga wa mtama vinabandikwa kwenye ukuta huo huo kwa ndani, vikaiva vikiwa vimening'inia. Mofa ni ndugu wa matanuri ya Uarabuni na ya Bara Hindi, na ukiangalia ramani ya Bahari ya Hindi undugu huo haushangazi. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza: kama chungu ni kizuri hivyo, mbona kinapasuka? Swali la haki. Chungu chetu huchomwa kwenye moto wa wazi, kuni na majani, na joto lake hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi. Hilo ni joto dogo kwa mambo ya ufinyanzi. Kauri za vikombe vya kahawa huchomwa zaidi ya nyuzi 1,200. Kwa hiyo chungu hubaki na vitundu vidogo vidogo ndani ya ukuta wake. Vitundu hivyo ndivyo vinavyokifanya kiwe laini na rahisi kuvunjika kikianguka. Lakini ndivyo vile vile vinavyokiokoa juu ya moto. Udongo ukipata joto unatanuka, na ufa ukianza, unafika kwenye kitundu au kwenye punje ya mchanga na kuishia hapo. Chukua bakuli la kauri ngumu, lipange juu ya mafiga uwashe kuni, ndipo utakapojua maana ya kupasuka.

Wafinyanzi wanalijua hilo bila kuandikiwa na mtu. Wanachanganya udongo na mchanga, au na vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa. Na tako la chungu wanalifanya la mviringo, bila kona, maana joto linapenda kupasulia konani. Umbo hilo linalotuudhi kwa sababu halikai juu ya jiko la gesi lilitengenezwa kwa akili, kwa ajili ya mafiga matatu.

Kazi hii katika sehemu nyingi za kwetu ni ya wanawake. Milimani Usambara na Upareni wapo. Kule Ilesi, Kakamega, vyungu vinapangwa kando ya barabara. Na kusini magharibi, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuna Wakisi wa Ikombe na Matema, ambao kwa maoni yangu ni wafinyanzi bora wa Tanzania. Vyungu vyao ni vyembamba, vyepesi, vimesuguliwa vikawa laini kama ngozi, na hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Hupakiwa mitumbwini na kupelekwa gulioni Lyulilo, kisha hupanda magari kwenda Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Fikiria: kitu chepesi kuvunjika kuliko yai, kinasafirishwa juu ya ziwa lenye mawimbi na barabara zenye mashimo, na kinafika. Kisha mnunuzi wa mjini anafika na kuanza kumpunguza bei mama wa watu. Anayelipa bei ya chungu kwa soda mbili hotelini anashindwa kulipa bei ya chungu kwa aliyekifinyanga.

Ufinyanzi wa mwambao wetu ni mkongwe mno. Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia, ameandika sana juu ya vyungu vilivyochorwa pembetatu shingoni, vya kuanzia karne ya 6 au ya 7 hadi ya 10 hivi. Vigae vyake huokotwa kutoka Lamu hadi Msumbiji. Na Pemba, Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua zilizobaki kwenye makazi ya kale: kwanza watu wa huko walikula zaidi mawele, kisha kuanzia karne ya 11 hivi mchele ukashika nafasi ya kwanza. Kwa hiyo huu wali wa nazi tunaouona kama uliumbwa pamoja na minazi, nao ulikuwa na siku yake ya kuwa chakula cha kigeni. Bila shaka kulikuwa na wazee wakinung'unika kwamba vijana wameacha mawele.

Wataalamu wanasoma vigae hivyo kwa njia ambayo ingemfurahisha mpishi yeyote. Mafuta ya chakula huingia kwenye vile vitundu nilivyovitaja na kukaa humo maelfu ya miaka. Mwaka 2012 Julie Dunne na wenzake walitangaza kwamba wamekuta mafuta ya maziwa ndani ya vigae vya Takarkori, kule Libya, vya zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, enzi ambazo Sahara ilikuwa na majani na ng'ombe. Halafu mwaka 2020 kundi la Melanie Miller likatoa matokeo ya jaribio la mwaka mzima: wapishi saba, kila mmoja na chungu chake, wakapika vyakula vile vile wiki baada ya wiki, kisha mwishoni wengine wakabadilisha chakula. Walichokuta ni hiki: ukoko ulioungua unaeleza mlo wa mwisho tu, lakini mafuta yaliyoingia ukutani yanaeleza historia ndefu ya chungu. Sasa nawe ukimsikia shangazi yako akisema chungu hiki ni cha samaki, usithubutu kupikia maziwa humo, usimcheke. Anajua anachosema.

Basi tufanye ununuzi. Ukifika gulioni usikimbilie kizuri cha macho. Kiinue, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia wazi, kimeiva na hakina ufa. Kikitoa sauti ya kukwama, kama mtu aliyeziba mdomo, kirudishe. Niliwahi kumuuliza bibi mmoja muuzaji, baada ya shikamoo na marahaba, kama chungu chake kinavuja. Akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, kipya chochote kinavuja. Kikishakula uji mara mbili tatu kitanyamaza."

Alikuwa sahihi, na sababu yake ni nyepesi. Chungu kipya kinatoa jasho, maji yanapenya yanakauka nje, na maji yanayokauka huondoka na joto. Ndiyo siri ya mtungi kupoza maji ya kunywa. Kwenye mtungi ni neema, kwenye chungu cha kupikia ni hasara: unachochea moto, nacho kinajipoza, hakichemki. Kwa hiyo kwanza kilowekwe maji usiku kucha. Kesho yake kipikie uji mwepesi, wa mahindi au muhogo, kwa moto mdogo, uuache upolee humo humo. Wanga unaingia vitunduni na kuziba. Wengine hupaka mafuta ya nazi kabla ya kukitia motoni. Kila nyumba na mazoea yake, mimi nauamini uji.

Baada ya hapo, adabu zake ni chache. Usikibandike kitupu. Usikimiminie maji baridi kikiwa cha moto. Ukitaka kuongeza, ongeza maji moto. Usikiweke kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, kina ngata yake. Usikioshe kwa sabuni, maana kitakunywa sabuni hiyo na kukurudishia kesho kwenye mchuzi. Maji moto, majivu na kumbi la nazi vinatosha. Kianike juani mpaka kikauke kabisa, la sivyo kitaota ukungu. Kwenye gesi, weka kipande cha chuma bapa kati yake na moto, uanze na moto mdogo kabisa. Kwenye oveni, kiingize oveni ikiwa baridi, vipate joto pamoja.

Kuhusu mkaa, sitakudanganya. Chungu hula mkaa zaidi mwanzoni, mpaka kichemke. Kikishachemka, vipande vichache vinatosha kukiendesha muda mrefu. Kwa hiyo ukitaka kuchemsha chai, chungu ni upotevu. Ukitaka maharage, mbaazi, makande, supu ya kongoro au kisamvu, vyakula vya saa mbili tatu, hapo hesabu inageuka.

Ila kwa maharage mekundu shika hili. Yana sumu ya asili inayoharibika kwa kuchemka kwa nguvu, na haiharibiki kwa uvuguvugu. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kweli kweli, mapovu yakitibuka, kwa nusu saa, ndipo upunguze moto. Kuyaacha yakiiva kwa joto la chini tangu mwanzo kunaweza kuyafanya yaumize tumbo zaidi kuliko yakiwa mabichi.

Mbaazi ni nyepesi zaidi. Zimelala maji, zimechemshwa zikalainika, maji yamebaki ya kufunika tu. Tia tui jepesi, kitunguu, manjano kidogo, pilipili nzima isiyopasuliwa, chumvi. Ziache zizungumze kwa moto mdogo mpaka tui lishike. Sasa tui zito, koroga mara chache, na usingoje lichemke. Epua. Chungu kitamalizia wakati wewe unachoma mahamri.

Wengi wenu mtazitaka mbaazi hizo kwa futari. Basi chungu kinunue Shaabani, usingoje mwezi uandame, maana bei itapanda nao. Na ukikipata leo, uji wa kwanza ni kesho, wa pili keshokutwa. Usikianzishie mbaazi za wageni.